Uvimbe Ulioondoka Bila Kuaga

Hakuna habari ya saratani inayosambaa upesi kama ile ya mgonjwa aliyeambiwa arudi nyumbani akasubiri siku zake, kisha mwaka mmoja baadaye akaonekana sokoni akinunua samaki, mzima wa afya. Mara nyingi habari hiyo huja imefungashwa pamoja na jina la mzizi fulani au mganga fulani, na hakuna kipimo hata kimoja cha kuithibitisha. Hata hivyo, zipo chache ambazo vipimo vyake vipo, picha zake zipo, na madaktari wasiofahamiana wamezikagua wakakubaliana kwamba uvimbe ulikuwepo na sasa haupo. Hapa nimekusanya zile zinazoshikilia rekodi. Naanzia kwenye ini, kwa sababu saratani ya hapo ni miongoni mwa zile ambazo kutoweka kwake ni haba mno, na ni miongoni mwa zile ambazo watu wetu hushawishiwa sana kukaa wakisubiri zitoweke.

Adimu mno: ini

Saratani inayoanzia kwenye seli za ini lenyewe huua haraka. Mgonjwa anayegunduliwa ikiwa imekwisha kukomaa, asipotibiwa, huhesabiwa miezi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya dawa ya vidonge iitwayo sorafenib, ya kwanza ya aina yake kuthibitika kurefusha maisha ya wagonjwa hao, na madaktari wa ini duniani kote walishangilia. Dawa hiyo ilipandisha muda wa kuishi kutoka miezi 7.9 hadi 10.7. Ukiona wataalamu wanashangilia miezi isiyotimia mitatu, ujue adui ni wa namna gani.

Kutoweka kwenyewe kwa saratani hii, bila upasuaji, bila dawa, bila mionzi, hukadiriwa kumtokea mgonjwa 1 katika 140,000. Mwaka 2022 waligunduliwa duniani wagonjwa wapya wa saratani ya ini wapatao 866,000. Ukigawanya, unapata watu 6 hivi kwa mwaka, dunia nzima. Kuna kadirio jingine la juu zaidi, asilimia 0.4, na tofauti hiyo kubwa inatokana na ugumu wa kuhesabu kitu ambacho wengi wanaopatwa nacho hawarudi hospitali, na ambao wanarudi hawaandikwi wote. Hata tukilichukua hilo la juu, bado tunazungumzia wagonjwa 996 kati ya 1,000 ambao uvimbe wao hauendi popote.

Maandishi ya kitabibu kuhusu jambo hili kwenye ini si ya zamani sana. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa damu waliokuwa wametumia homoni za kiume kwa muda mrefu, wakaota uvimbe wa saratani kwenye ini. Kwa mmoja wao uvimbe ulirudi nyuma baada ya homoni kusimamishwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1982, zikatoka ripoti mbili ambazo watafiti huzirejea hadi leo: moja ya Lam na wenzake wa Hong Kong katika jarida la Cancer, nyingine ya Gottfried na wenzake katika Gastroenterology. Tangu hapo ripoti zimekuwa zikija moja moja, nyingi kutoka Japani, Korea na nchi nyingine za Asia ambako ugonjwa wenyewe ni mwingi.

Daktari atajuaje kwamba hajadanganywa na macho yake? Kwanza kuna protini iitwayo alfa-fetoprotini, ambayo ini la mtoto tumboni huitengeneza kwa wingi na la mtu mzima huiacha. Mwanasayansi wa Kisovieti, Garri Abelev, aliiona kwa panya wenye uvimbe wa ini mwaka 1963, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaiona kwa binadamu. Saratani ya ini inaposhika, mara nyingi kiwango chake kwenye damu hupaa hadi maelfu. Katika visa vingi vya kutoweka, dalili ya mapema ilikuwa kipimo hiki kuanza kushuka wakati hakuna aliyempa mgonjwa chochote. Kisha picha za CT skani huonyesha uvimbe ukinywea. Visa vyenye nguvu kabisa ni vile ambavyo kinyama cha uvimbe kilichukuliwa mwanzoni kikathibitisha saratani, na baadaye daktari mpasuaji akakiondoa kilichobaki akakuta ni tishu mfu tupu, imezungukwa na chembe nyeupe za damu. Visa visivyokuwa na kinyama hubaki na shaka, na ni haki vibaki nayo.

Sasa kwa nini hutokea? Hapa ndipo pananivutia kuliko pengine pote, kwa sababu jibu si fumbo tupu. Mwaka 2012 Huz na wenzake walizipitia ripoti zilizokuwepo katika jarida la HPB, wakaona kwamba pale ambapo sababu ingeweza kukisiwa, mambo mawili yalijirudia: uvimbe kukosa hewa ya oksijeni, au mwili mzima kuwaka kwa homa na kinga.

Ili kulielewa la kwanza, lifikirie ini kama shamba linalomwagiliwa na mifereji miwili. Mfereji mkubwa, mshipa unaoleta damu kutoka matumboni, huleta takriban robo tatu ya damu yote. Mdogo ni ateri inayotoka upande wa moyo. Seli za kawaida za ini hunywa kwenye yote miwili. Uvimbe wa saratani, kinyume chake, hutegemea karibu kabisa ule mdogo. Basi ikitokea mgonjwa ametapika damu nyingi hadi shinikizo likaanguka, au ateri ile ikaziba kwa damu iliyoganda, ini hujikongoja likapona na uvimbe hufa kwa kiu. Kuna wagonjwa waliofikishwa hospitali nusu wafu kwa kuvuja damu, wakaokolewa, na miezi kadhaa baadaye picha zikaonyesha kwamba saratani haikuokoka pamoja nao.

Madaktari wa leo hulifanya jambo hilohilo kwa makusudi. Ryusaku Yamada na wenzake wa Osaka walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri ya ini na kuiziba karibu na uvimbe. Mwaka 2002 tafiti mbili, moja ya Barcelona na nyingine ya Hong Kong, zilithibitisha kwamba kuziba mishipa namna hiyo pamoja na kumwaga dawa palepale hurefusha maisha. Kinachomtokea mmoja kwa ajali kati ya maelfu na maelfu, sasa hufanywa kwa ratiba.

Orodha ndefu ya kwanza

Madaktari wapasuaji Tilden Everson na Warren Cole wa Chicago walifanya kazi ambayo bado ndiyo msingi wa somo hili. Walipekua maandishi ya kitabibu ya dunia tangu mwaka 1900, wakatupa kila kisa ambacho hakikuwa na ushahidi wa kinyama, kila kisa ambacho mgonjwa alikuwa amepata tiba ya kutosha, na mwaka 1966 wakatoa kitabu chenye visa 176 tu. Miongo sita na zaidi, dunia nzima, visa 176. Zaidi ya nusu ya visa hivyo vilitoka kwenye aina chache: saratani ya figo, ya rangi ya ngozi, ya mishipa ya fahamu ya watoto, na ile inayoanzia kwenye kondo la nyuma. Ini halikuwa miongoni mwa vinara.

Mwaka 1993 ukatoka mkusanyo mkubwa kuliko wowote, wa Brendan O'Regan na Caryle Hirshberg wa Marekani, wenye marejeo zaidi ya 3,500 kutoka majarida zaidi ya 800. Ni mpana, ila umechukua na visa ambavyo Everson na Cole wasingevipokea. Mimi nauamini zaidi ule mfupi.

Kisa maarufu cha zamani

Peregrine Laziosi, mtawa wa mji wa Forlì nchini Italia aliyefariki mwaka 1345, alikuwa na uvimbe mguuni uliooza hadi ikaamuliwa mguu ukatwe. Masimulizi ya Kanisa yanasema alikesha akisali, na asubuhi daktari aliyekuja na vifaa vyake akakuta kidonda kimefunga. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1726, na Wakatoliki humwomba awaombee wagonjwa wa saratani hadi leo. Hakuna kipimo cha karne ya 14 cha kutuambia ule ulikuwa uvimbe gani. Lakini madaktari wa karne ya 20 walichukulia kisa chake kwa uzito wa kutosha hata wakakitolea makala.

Kisa kilichozaa tiba nyingi: ini la mzee wa Massachusetts

Mwaka 1968 kijana anayejifunza upasuaji, Steven Rosenberg, alipangiwa mgonjwa wa kawaida kabisa katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Massachusetts. Mzee alikuwa na maumivu ya kibofu cha nyongo. Rosenberg alifungua faili lake akakuta kwamba miaka 12 kabla ya hapo mzee huyo alikuwa amefunguliwa tumbo, akakutwa na saratani ya tumbo la chakula iliyokwisha kuingia kwenye ini. Walikata walichoweza, wakamfunga, wakampeleka nyumbani. Hakupewa dawa yoyote ya saratani. Rosenberg alimpasua kuondoa kibofu cha nyongo, akalipapasa ini lote kwa mikono yake akitafuta uvimbe ule wa zamani. Hakuukuta.

Wengine wangeandika ripoti ya ukurasa mmoja wakaendelea na kazi. Yeye hakulala. Aliomba ruhusa, akachukua damu ya mzee huyo na kumwongezea mgonjwa mwingine aliyekuwa na saratani ya tumbo, akitumaini kinga itahama pamoja na damu. Haikusaidia. Lakini swali halikumtoka, na mwaka 1985, akiwa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, alichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wa saratani iliyosambaa waliopewa protini ya kuamsha kinga iitwayo intalukini-2 pamoja na chembe zao wenyewe zilizoamshwa nje ya mwili. Kwa wagonjwa 11 uvimbe ulipungua, na hapo ikaonekana wazi kwamba kinga ya binadamu inaweza kushindana na saratani iliyokwisha kuenea. Mwaka 1992 intalukini-2 iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya figo. Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel kwa njia nyingine ya kuifungulia kinga breki zake, na mwaka 2020 dawa ya mkondo huo, atezolizumabu, ikitolewa pamoja na bevasizumabu, ikaipiku sorafenib kwenye saratani ya ini yenyewe.

Kabla ya Rosenberg alikuwepo William Coley, mpasuaji wa New York. Alifuatilia habari za mhamiaji mmoja wa Kijerumani ambaye uvimbe wake wa shingoni ulitoweka baada ya kuugua erisipela, maambukizi makali ya ngozi yenye homa kali, na akamkuta hai miaka 7 baadaye. Mwaka 1891 Coley alianza kuwadunga wagonjwa bakteria hao hao kwa makusudi. Ilikuwa hatari, na wapo waliokufa kwa maambukizi. Ila wazo lake limeishi: tangu mwaka 1976, alipochapisha matokeo yake daktari Alvaro Morales wa Kanada, chanjo ya kifua kikuu, ile ile ya begani kwa watoto wetu, humiminwa ndani ya kibofu cha mkojo kutibu saratani ya hapo.

Wagonjwa wadogo kuliko wote

Hapa rekodi inageuka kabisa. Mwaka 1971 Audrey Evans na Giulio D'Angio wa Marekani walieleza kundi la watoto wachanga wenye saratani iitwayo nyuroblastoma ambayo imeshaingia kwenye ini, ngozi na uboho. Kwa mtu mzima, saratani iliyosambaa hivyo ni hukumu. Kwa watoto hawa walio chini ya mwaka mmoja, wengi wao, saratani hurudi nyuma na kuisha, mara nyingi bila dawa au kwa dawa kidogo tu. Hatari kubwa kwao huwa ni ini lenyewe kuvimba hadi mtoto akashindwa kupumua, na hapo madaktari huingilia kati.

Japani ilijifunza jambo hilo kwa gharama. Katika miaka ya 1980 ilianza kupima mkojo wa watoto wachanga nchi nzima ili kuikamata nyuroblastoma mapema. Idadi ya watoto waliogunduliwa ilipanda, wakapasuliwa, wakapewa dawa kali. Vifo havikupungua ilivyotarajiwa, na tafiti za Ujerumani na Kanada zilizotoka mwaka 2002 zikaonyesha kwamba uvimbe mwingi uliokuwa ukigunduliwa kwa njia hiyo ungetoweka wenyewe. Mpango ukafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sijui mfano mwingine wa nchi kusitisha upimaji wa saratani kwa taifa zima kwa sababu saratani yenyewe huondoka.

Rekodi ya kwetu: Mulago

Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alianza mwaka 1957 kuona watoto wenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakazunguka kwa wiki 10, takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe huo upo na wapi haupo. Mwaka 1964, kutokana na sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni hii. Mwaka 1967 Burkitt na Sebastian Kyalwazi, Mganda aliyekuwa miongoni mwa wapasuaji wa mwanzo kabisa wa Kiafrika katika ukanda huu, walichapisha makala kuhusu uvimbe huo kutoweka wenyewe. Na mwaka 1971, Avrum Bluming na John Ziegler wa kituo cha saratani cha hapo hapo Mulago waliripoti katika Lancet kisa cha mtoto wa kiume mwenye uvimbe huo kwenye jicho. Kabla hajaanza tiba, aliugua surua. Upele ulipotoka, uvimbe ukanywea, na picha zao za mtoto huyo zimekuwa zikionyeshwa tangu hapo. Inaniuma kwamba watu wengi wa Afrika Mashariki hawajui kuwa ukurasa huo wa sayansi uliandikwa kwao.

Kutokana na mkondo huo ikaja dozi kubwa kuliko zote. Mwaka 2014 madaktari wa Mayo Clinic, Minnesota, waliripoti kwamba walimdunga mwanamke mwenye saratani ya uboho virusi vya surua vilivyodhoofishwa na kurekebishwa, bilioni 100 kwa mara moja, kiasi kinachotosha kuchanja watu milioni 10. Uvimbe wake ulitoweka kwa miezi kadhaa. Mtu asisome hapa akaona surua ni dawa: surua ya mitaani huua watoto, na chanjo yake isikosekane.

Nyingine kwa ufupi

Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1984: kati ya wagonjwa 83 wa saratani za tezi za limfu (limfoma) za polepole walioachwa bila tiba kwa uangalizi, 19 uvimbe wao ulirudi nyuma wenyewe, asilimia 23. Hicho ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa kwa watu wazima. Saratani kongwe kuliko zote zinazoishi ni ya mbwa, huambukizwa wanapopandana, na ina maelfu ya miaka ikihama mbwa hadi mbwa. Nayo, kwa baadhi yao, kinga huizima ikaisha.

Namba ambayo ningependa ikumbukwe

Ni 223. R. Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707 huko Taiwan, na mwaka 1981 wakaripoti kwamba wenye virusi vya homa ya ini B walikuwa na hatari ya kupata saratani ya ini mara 223 zaidi ya wasio navyo. Ni vigumu kupata namba kubwa kama hiyo katika somo zima la visababishi vya saratani. Taiwan haikusubiri. Mwaka 1984 ikaanza kuchanja watoto wachanga, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila 100,000.

Kwetu kuna adui wa pili, sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 Ukambani, Kenya, iliwapata watu 317 na kuua 125 kwa mkupuo, na mwaka 2016 ikapiga Dodoma na Manyara. Hiyo ni sumu ya siku chache. Ile inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani, na kwa mwenye homa ya ini B nguvu yake hukadiriwa kuwa kubwa kwa takriban mara 30.

Kwa hiyo, msomaji, nenda kapime homa ya ini B; ni tone la damu tu. Ukikutwa huna, chanjwa. Ukikutwa nayo, muulize daktari kuhusu tenofovia, kidonge cha kila siku kinachozima virusi, na kuhusu ultrasaundi ya ini kila miezi 6. Mama mjamzito apimwe, na mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa kama Shirika la Afya Duniani linavyoagiza. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zitupwe, wasipewe hata kuku. Na mgonjwa wako akiambiwa ana uvimbe kwenye ini, mpeleke kwa daktari bingwa wiki hiyo hiyo.